Nesi akimtuma mhudumu abadilishe dripu, nani anajibu?

#1 Nesi wa Zamu

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira kidogo, mtanivumilia.

Mimi ni muuguzi wa stashahada, mwaka wa nne kazini, hospitali ya wilaya ambayo sitaitaja. Juzi zamu ya usiku, wodi ya wanaume, tulikuwa wawili: mimi na dada mmoja mhudumu wa afya. Wagonjwa 38, vitanda 30, wengine wamelala chini. Saa nane usiku mgonjwa wa kitanda cha 3 akashikwa na kifafa, kile kisichokata. Nimemlaza ubavu, nahangaika na dawa, mara nasikia kitanda cha 14 wanaita: chupa imekwisha na damu imeanza kupanda kwenye mrija. Nikapaza sauti: "Dada, nibadilishie ya kumi na nne, chupa iko kwenye troli, ya chumvi!" Akabadilisha. Saa kumi na moja nilipopata nafasi nikapita, dripu inatembea vizuri, nikajaza karatasi ya maji, nikatia saini. Ni ile karatasi ya kuandika chupa anazowekewa mgonjwa na nani kamwekea.

Asubuhi tunakabidhiana zamu, mzee wa kitanda cha 13, mwalimu mstaafu, akamwambia matroni kwa furaha kabisa: "Huyu binti wa gauni la bluu apewe zawadi, usiku kabadilisha dripu ya mwenzangu kama daktari." Mzee alikuwa anasifu. Mimi nimepewa siku tatu niandike maelezo.

Swali la kwanza: nilikosea nini hasa? Ningeacha damu igande kwenye kanula, ule mrija mdogo wa kwenye mshipa? La pili: yule mgonjwa angepata tatizo, nani angejibu? Mimi, yule dada, au waliotupanga wawili kwa watu 38?

#2 Bwana Panadol

Nimevuta kigoda. Huyo mwalimu mstaafu mwajirini, anasimamia wodi kuliko matroni.

#3 Mwanasheria wa Kijiweni

Mleta mada, kuna mambo mawili watu huyachanganya kila siku. Kazi unaweza kuikasimu, yaani kumpa mwingine aifanye kwa niaba yako. Wajibu hauendi nayo, unabaki nao wewe.

Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya 2010 inamtambua mtu aliyesajiliwa au kuandikishwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, mwenye leseni hai. Mhudumu wa afya hayumo humo. Kwa hiyo Baraza likitaka mtu wa kujieleza litakuita wewe, maana yule dada hana leseni ya kunyang'anywa. Yeye atabanwa na mwajiri kwa taratibu za nidhamu ya utumishi. Na ndugu wa mgonjwa wakienda mahakamani kudai fidia, kwa kawaida wanamfuata mwajiri, kwa sababu mwajiri anajibu makosa ya mtumishi wake akiwa kazini. Swali lako lina majibu matatu, kila mmoja na mlango wake.

#4 Bwana Panadol

Kila mmoja na mlango wake, kama nyumba ya kupanga Manzese. Ila choo kimoja.

#5 Mhudumu Bila Cheo

Mimi ndiye huyo dada wa gauni la bluu. Si yeye mwenyewe, ila wa aina yake.

Niko zahanati ya kijijini mwaka wa kumi na moja. Kwenye karatasi tuko watatu: mganga mfawidhi, muuguzi na mimi. Mwaka jana muuguzi alikuwa likizo ya uzazi, mganga kaitwa semina halmashauri. Saa nne usiku analetwa mama kwa pikipiki, uchungu umekolea, mvua inanyesha, kituo cha afya kiko kilomita 27 na daraja limejaa. Niwaambie nini ndugu zake? Kwamba mimi kazi yangu ni kukunja gozi?

Nilimzalisha. Muuguzi wetu alishanifundisha kwa macho: mtoto akitoka, papasa tumbo kwanza uhakikishe hakuna pacha, ndipo umchome mama sindano ya kuzuia damu ndani ya dakika moja. Nikafanya hivyo. Mama na mtoto wazima, mtoto sasa anatembea.

Muuguzi aliporudi, kwenye rejista ile safu ya aliyezalisha nilikuwa nimeiacha wazi. Akaandika jina lake. Sikumlaumu, hata mimi sikujua niandike nini. Kijijini wananiita daktari. Mshahara ni ule ule wa mhudumu.

#6 Tabibu wa Kata

#5 pole na hongera kwa pamoja.

Wakuu, msimwonee nesi wala mhudumu. Hii kazi inateremka ngazi kuanzia juu. Daktari hayupo, tabibu anafanya ya daktari. Tabibu kaitwa kikao, nesi anaandika dawa. Nesi kazidiwa, mhudumu anachoma sindano. Mhudumu anachoma sindano, usafi unafanywa na mlinzi. Mimi nimeshamwona mlinzi ameshika tochi chumba cha kujifungulia, amegeuza uso ukutani kwa heshima. Sababu ni moja tu: watu hawatoshi. Mengine yote ni maneno.

#7 Mgeni wa Jamvi

Kwani serikali si imesema inaleta wahudumu wa afya zaidi ya laki moja? Tatizo linaisha, tuwe na subira.

#8 Mzee wa Takwimu

#7 umechanganya madawa. Hao ni wahudumu wa afya ngazi ya JAMII. Mpango ulizinduliwa Januari 2024, lengo ni 137,294 ndani ya miaka mitano. Wanapita kaya kwa kaya: lishe, chanjo, wajawazito, kifua kikuu. Hawaingii zamu ya usiku wodini.

Anayezungumziwa hapa ni mhudumu wa afya wa kituoni, yule wa kidato cha nne na mafunzo ya mwaka mmoja. Someni tangazo lolote la ajira yake: usafi wa vifaa na mazingira, kumwogesha na kumlisha asiyejiweza, kuandaa pamba na gozi, kupeleka sampuli maabara, kuchukua dawa famasi, nguo chafu kwa dobi, maiti chumba cha maiti. Dripu hakuna mahali.

#9 Mgeni wa Jamvi

Asante mkuu, nimeelimika. Majina yenyewe yanafanana, wasingeweza kutafuta lingine?

#10 Sista Mstaafu

Wanangu, nimesoma kimya, sasa niseme.

Tabibu (#6) anasema sababu ni uchache wa watu tu. Mimi nimeanza kazi mwishoni mwa miaka ya 70 na hatukuwahi kutosha hata siku moja. Miaka ile serikali ilichukua mabinti wa vijijini waliomaliza darasa la saba, wakasoma mwaka mmoja na nusu, wakarudi kwao kuhudumia mama na mtoto. Wengi wao baadaye walisomeshwa tena wakawa wauguzi. Na wahudumu wetu wodini, wapo walioanza na ufagio mkononi. Sista alikuwa anamshika mkono: leo utajifunza kupima joto, wiki nzima unapima joto tu, nakagua kila namba. Ukikosea unarudia mbele ya wagonjwa. Aibu ilikuwa shule.

Kilichoharibika ni kwamba miaka ya 90 ajira serikalini zilisimamishwa na watu wakapunguzwa. Wale masista wa kusimama nyuma yako wakazeeka bila kupata wa kuwarithi. Halafu 2007 ukaja mpango wa MMAM, ule wa maendeleo ya afya ya msingi, zahanati kila kijiji, kituo cha afya kila kata. Jambo zuri, mimi mwenyewe nilichangia tofali kwetu. Ila ukuta unasimama kwa miezi sita, muuguzi anachukua miaka mitatu. Nani aliwekwa kwenye zile zahanati mpya? Mhudumu. Ikaja 2017 na uhakiki wa vyeti, orodha ya Aprili peke yake ilikuwa na watumishi 9,932 wa vyeti feki, na baadaye wakaguswa wa darasa la saba walioajiriwa baada ya Mei 2004. Kwenye kituo changu tulipoteza wahudumu wawili kwa wiki moja. Mmoja alikuwa anajua kuona mtoto aliyeishiwa maji kabla hata hajafunuliwa kanga.

Kwa hiyo watu wachache, ndiyo. Lakini zamani kazi ilikasimiwa kwa jicho. Sasa inakasimiwa kwa mgongo, nesi amegeuka huko.

#11 Bwana Panadol

Sista Mstaafu shikamoo. Hiyo ya kurudia mbele ya wagonjwa mbona mlikuwa mnatisha hivyo.

#12 Sista Mstaafu

Marahaba. Na bado.

#13 Msaidizi wa Leeds

Habari za huko. Nimesoma uuguzi Tanzania, huku Uingereza kwa sasa ni msaidizi wa huduma wodini nikisubiri usajili wangu. Kwa hiyo nimekaa pande zote mbili za meza.

Kanuni za baraza lao la wauguzi hazizunguki. Muuguzi anayekasimu anatakiwa mambo matatu: ampe mtu kazi iliyo ndani ya uwezo wake, amsimamie, halafu athibitishe kuwa matokeo yamefikia kiwango. Wasaidizi wapya wanapitia cheti cha huduma kilichoanza Aprili 2015, baada ya kashfa ya hospitali ya Mid Staffordshire, ambako wagonjwa walitelekezwa, na ripoti ya Cavendish ya 2013 kuhusu wasaidizi kama mimi. Kabla ya hapo hata wao kila hospitali ilikuwa inafundisha inavyojua. Na 2019 wakaleta ngazi ya kati, muuguzi mshirika, huyo anasajiliwa.

Kazi yangu kubwa ni kupima: presha, mapigo, joto, oksijeni, pumzi. Kila namba ina alama, zinajumlishwa. Zikifika 5 muuguzi anaitwa haraka, 7 ni dharura. Sitakiwi kujua maana yake, natakiwa kupima kweli na kuita. Dripu? Hapa nilipo sigusi hata kuizima ikilia.

Mleta mada, kwa vipimo vya huku umepungukiwa la tatu. Saa nane hadi saa kumi na moja ni saa tatu kabla ya kuthibitisha.

#14 Nesi wa Zamu

#13 kweli saa tatu. Kifafa kilikata saa tisa kasoro. Saa tisa nikapokea ajali ya bodaboda, wawili. Saa kumi kitanda cha 22 akafariki, nikawa na ndugu zake. Nilikuwa naiona dripu kwa mbali kila nikipita. Kuiona kwa mbali si kuikagua, nakubali.

#15 Bwana Panadol

Kuhusu kupima kweli. Ingieni wodi yoyote mfungue mafaili: pumzi 20, pumzi 20, pumzi 20. Mgonjwa wa nimonia 20, aliyevunjika mguu 20, marehemu mtarajiwa 20. Wodi nzima inapumua kwa pamoja kama kwaya.

#16 Msaidizi wa Leeds

Usicheke mkuu, hata huku ipo, ila ni 16. Kuhesabu pumzi kunataka dakika nzima ya kusimama, na hakuna mtu ana dakika.

#17 Matroni Mkali

Mimi ni matroni, ila si yule wa mleta mada.

Jambo moja wote mmelipita. Binti kasema mwenyewe #1: "nikajaza karatasi ya maji, nikatia saini." Alisaini kitu ambacho hakukifanya. Kama ningekuwa mimi, dripu ningeielewa, dharura naijua. Saini ndiyo ingenifanya nikuite ofisini. Kesho mgonjwa akivimba miguu, figo zimezidiwa, nafungua karatasi naona jina la muuguzi mwenye leseni, naamini kuwa jicho la muuguzi lilipita pale. Kumbe halikupita.

Na msione kubadilisha chupa ni kitu kidogo. Chupa ya chumvi na ya sukari zinafanana usiku. Wakati mwingine kuna dawa imechanganywa ndani na kibandiko kimeng'oka. Kasi nayo: mgonjwa wa moyo ukimfungulia chupa kama bomba la bustani unamzamisha akiwa kitandani. Kuchomoa na kuchomeka kunachukua sekunde ishirini, mtu yeyote mwenye mikono anaweza. Kujua kwamba huyu wa kumi na nne bado anastahili chupa nyingine, au sasa imetosha, hiyo ndiyo kazi uliyosomea miaka mitatu.

Wodini kwangu nimebandika orodha ukutani: mhudumu anafanya hivi, hafanyi hivi, hivi anafanya nesi akiwa amesimama pale. Ugomvi umepungua.

#18 Bwana Panadol

"Si yule wa mleta mada." Kila matroni anasema hivyo.

#19 Mhudumu Bila Cheo

Mama matroni, kwa heshima zote. Orodha ya ukutani inasomeka mchana. Saa nane usiku yule yule aliyeibandika anapiga simu kuuliza "mmemalizaje?", haulizi nani alifanya nini. Tukikataa tunaitwa wavivu, tukikubali tunaitwa wavamizi wa taaluma. Niambie niende wapi.

Tena nimefundishwa kanula na wauguzi wenyewe, ili wakapumzike. Akija mkaguzi ghafla mimi ni wa kufagia.

#20 Dada wa Tacoma

Kuna njia ya tatu na mimi naiishi kila siku, ngoja niwape.

Niko Tacoma, jimbo la Washington, Marekani. Natunza wazee kwenye nyumba ya watu sita. Leseni ya uuguzi sina. Lakini kila asubuhi namchoma insulini bibi wa miaka 84, kihalali kabisa.

Inakwenda hivi. Nilisoma kozi ya saa 9 ya kukasimiwa kazi na muuguzi, nikaongeza saa 3 za kisukari. Muuguzi aliyesajiliwa akaja nyumbani, akampima bibi, akaridhika kuwa hali yake imetulia. Familia ikaweka saini ya kukubali. Akaniandikia hatua moja moja, nikafanya mbele yake. Wiki nne za kwanza alikuja kila wiki, sasa anakuja angalau kila siku 90. Kibali ni cha bibi huyo TU. Chumba cha pili kuna mzee anatumia insulini ile ile na simgusi, sijakasimiwa. Na kuna vitu havikasimiwi kabisa, mirija ya kwenye mshipa mkubwa ni mfano.

Kizuri zaidi, nina haki ya kukataa. Nilishawahi kukataa, waliponibadilishia kifaa cha kupimia sukari bila kunifundisha. Hakuna aliyeniita mvivu.

Tulikaririshwa mambo matano: kazi sahihi, mazingira sahihi, mtu sahihi, maelekezo sahihi, usimamizi sahihi. Mleta mada maelekezo yako yalikuwa mazuri kuliko ya wengi: kitanda gani, chupa gani, iko wapi. Kilichokosekana ni mtu aliyethibitishwa mapema, mchana kweupe, kabla dharura haijaja.

#21 Tabibu wa Kata

Nyumba ya watu sita! Dada, sisi tunaongelea 38. Muuguzi wa kuja kila wiki kumkagua mtu mmoja tungempata wapi? Akipatikana huyo si tungempanga zamu tu?

#22 Mzee wa Takwimu

Dada wa Tacoma, wasaidizi wenye vyeti kwenye nyumba za kutunzia wazee huko wanasoma muda gani?

#23 Dada wa Tacoma

Sheria ya serikali kuu ya 1987 inataka angalau saa 75. Majimbo mengi yanaongeza juu yake.

#24 Mhudumu Bila Cheo

Saa 75!! Mimi nimesoma mwaka mzima na ndiye "asiye na taaluma"?

#25 Mwanasheria wa Kijiweni

#24 umegusa penyewe. Yule wa Marekani kasoma kidogo lakini jina lake liko kwenye daftari la jimbo, akiharibu linawekwa alama. Wewe umesoma zaidi na hupo kwenye daftari la baraza lolote. Mwongozo wa kugawana majukumu katika sekta ya afya ulitoka 2016, kwa hiyo si kwamba nchi haikuliona. Kati ya mwongozo wa Dodoma na ile troli yako ya usiku kuna umbali.

#26 Ndugu wa Mgonjwa

Niwaulize wataalamu. Mnabishana nesi na mhudumu, mmesahau mtu wa tatu.

Baba yangu alipata kiharusi, tulilazwa siku 19. Nesi alinionyesha mara moja jinsi ya kumlisha kwa mpira wa puani: vuta kwanza kwa sirinji uone maji ya tumbo, mwinue kichwa, mimina uji taratibu, malizia na maji. Mara moja tu. Baada ya hapo nikawa namlisha mimi, mara sita kwa siku. Kumgeuza kila saa mbili nikaweka kengele kwenye simu, na ya usiku. Mkojo nilikuwa nampima mimi kwenye mfuko, naandika kwenye kikaratasi, nesi ananakili kwenye faili. Siku ya tisa akakohoa sana wakati wa kumlisha, nikasimama nikiwa nimeshika sirinji sijui niendelee au niache. Niliyemuuliza alikuwa mama wa kitanda cha jirani, ana mgonjwa kama wangu.

Mimi ni fundi seremala. Leseni yangu iko wapi?

#27 Sista Mstaafu

#26 mwanangu, hukutakiwa kuendelea, na ulifanya vema kusimama. Baba anaendeleaje?

#28 Ndugu wa Mgonjwa

Anatembea na fimbo. Ananisimanga kwamba uji wangu ulikuwa hauna sukari.

#29 Nyathi wa Kisumu

Sasa wakubwa. Nawasoma kutoka Kisumu. Huku kwetu vyuo vya kibinafsi vya kufundisha wasaidizi wa wauguzi vimejaa kila mtaa, miezi kadhaa unamaliza, wengi shabaha yao ni kupanda ndege. Leseni ya Baraza la Wauguzi ni ya wauguzi peke yao.

Lakini ningependa kumpinga kidogo huyu wa #5 na wote wanaosema mhudumu mzoefu ni sawa na nesi. Mwaka 2017 wauguzi wetu wa umma waligoma karibu miezi mitano. Wasaidizi tulikuwepo, mikono ilikuwepo, vitanda vilikuwepo. Wodi niliyokuwa nikaambiwa tusipokee mgonjwa mpya. Mikono yetu yote pamoja haikuweza kuamua nani aitiwe daktari na nani asubiri. Hapo ndipo nilielewa ile kitu nesi hubeba kichwani, na baadaye nikarudi shule. Sasa mimi ndiye natuma wengine, na bado naogopa kila nikituma.

#30 Mhudumu Bila Cheo

Sikusema niko sawa naye. Nilisema hakuwepo.

#31 Tabibu wa Kata

Hiyo #30 imenyamazisha kijiwe.

Niongeze sababu nyingine ambayo hakuna aliyeigusa, makaratasi. Nesi wa leo ana rejista za kujaza kuliko wagonjwa. Fomu za bima, takwimu za mwezi, mfumo wa kompyuta, ukikosea fomu ya bima hospitali hailipwi na unatafutwa wewe. Halafu kile kisichohitaji fomu, yaani kumgusa mgonjwa, anaachiwa asiyejaza fomu. Kama tungekuwa na akili tungemkasimu mhudumu makaratasi na nesi abaki na mgonjwa.

#32 Matroni Mkali

#31 kwa mara ya kwanza nakubaliana na tabibu. Ila takwimu nazo zikikosewa mnaletewa dawa pungufu, msiseme sikuwaambia.

#33 Bwana Panadol

Mimi nasema chanzo ni gauni. Mwenye koti jeupe ni daktari, mwenye gauni jeupe ni sista, mwenye la bluu ni sista mdogo, mwenye suruali ya kijani amekuja kupasua mtu. Nani alishawahi kusoma kitambulisho cha kifuani? Mwalimu mstaafu mwenyewe aliona bluu akasema "kama daktari".

#34 Mgeni wa Jamvi

Kwetu la bluu ni wanafunzi.

#35 Msaidizi wa Leeds

Huku la bluu iliyoiva ndiye sista mwenyewe, mkubwa wa wodi. Siku ya kwanza nilimsalimia mfagizi kwa adabu zote za matroni, akafurahi mno.

#36 Sista Mstaafu

Enzi zetu kofia ndiyo ilikuwa inasema. Tulizivua kwa sababu zilikuwa zinaangukia kwenye vidonda.

Turudi kwa huyu binti. Maelezo umeandika? Siku tatu zinaisha.

#37 Mwanasheria wa Kijiweni

Na usiyaandike kwa hasira. Andika saa, idadi ya wagonjwa, idadi ya watumishi, dharura ilikuwa nini, maneno uliyomwambia, saa uliyokagua. Saini usiitetee. Omba nakala yenye mhuri wa kupokelewa ubaki nayo.

#38 Mhudumu Bila Cheo

Mwanasheria, na jina la dada aliandike?

#39 Mwanasheria wa Kijiweni

Aliandike. Ukweli ni ukweli.

#40 Matroni Mkali

Aandike "mhudumu wa zamu". Ratiba ya zamu ipo, anayetaka jina atalitafuta. Asimtangulize mwenzake.

#41 Nyathi wa Kisumu

Mimi ningeandika jina lakini pia ningeandika kwamba alifanya vizuri. Hiyo sehemu huwa haiandikwi popote.

#42 Nesi wa Zamu

Wakuu nimewasoma wote, asanteni. Nimeandika jana usiku ukurasa mmoja na nusu. Nimeanza na saini, nimesema nilitia saini mimi na aliyebadilisha si mimi. Wagonjwa 38 nimewaweka aya ya pili. Jina la dada nilienda kumuuliza mwenyewe kabla ya kuandika. Akasema, "Liandike, ila uliandike kwa usahihi, kwenye ratiba mmenikosea herufi miaka miwili sasa."

Matroni kapokea, kasoma, kaniuliza kwa nini sikumwita msimamizi wa usiku. Nikamwambia msimamizi wa usiku alikuwa theatre anamshikia daktari mkasi. Hakusema kitu. Kanigongea mhuri.

Naingia zamu saa moja na nusu. Tupo wawili tena, mimi na yeye.

#43 Bwana Panadol

Wagonjwa wangapi leo?

#44 Nesi wa Zamu

41. Na mwalimu wa kitanda cha 13 bado yupo.